Mwaka wa hakimiliki si tarehe ya makala

Kazi yangu ni kukagua marejeleo ya tasnifu, na kuna kosa moja ninalolitambua kabla sijafungua kiungo hata kimoja. Vitabu vya mwanafunzi vina miaka tofauti, majarida yake vilevile, ila tovuti zote, bila kubakiza hata moja, ni za mwaka huu. Nikimuuliza, jibu ni lile lile: "Mwaka upo pale chini kabisa, kwenye alama ya hakimiliki."

Upo, ndiyo, ila hauihusu makala. Huo ni mwaka wa tovuti nzima, na mara nyingi hakuna binadamu aliyeuandika. Ndani ya msimbo wa ukurasa kuna kimstari cha JavaScript, getFullYear(), kinachosoma saa ya kompyuta yako na kuchapa mwaka wa leo. Ufungue ukurasa huo mwakani, mwaka utakuwa umesogea na makala haijaguswa hata herufi. Tuseme umekuta ukurasa unaoisifu Windows 7 kuwa mfumo mpya uliotoka majuzi. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009! Ukiupa ukurasa huo mwaka huu, msomaji makini atajua mara moja kwamba hukuusoma.

Tarehe yenyewe mara nyingi ipo, imejificha tu. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na U, msimbo wa ukurasa utafunguka. Kisha bonyeza Ctrl na F utafute datePublished. Usipoipata, jaribu article:published_time. Utaona kitu kama 2014-03-09T08:15:00, yaani tarehe 9 Machi 2014, saa mbili na robo asubuhi. Jirani yake huwa kuna dateModified, na hapo wengi hujikwaa: hiyo ni tarehe ya kuhaririwa, na katika tovuti nyingi hubadilika hata mtu akirekebisha koma moja tu. Kurasa za afya zina mtego wao pia. Zinaandika lini maelezo yalipitiwa na mtaalamu. Kupitia si kubadilisha, na mtindo wa marejeleo wa APA unasema wazi kwamba tarehe hiyo haitumiki. Inayokubalika ni ile ya kusasishwa, kama ni dhahiri kwamba sehemu unayoinukuu ndiyo iliyosasishwa.

Msimbo ukikaa kimya, angalia anwani za picha. WordPress, mfumo unaoendesha tovuti nyingi, isipobadilishwa mipangilio, huhifadhi picha kwa mwaka na mwezi zilipopakiwa: wp-content/uploads/2014/03. Kisha bandika anwani ya ukurasa kwenye Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya nakala za kurasa, uone ulinakiliwa mara ya kwanza lini. Kama ni Mei 2014, una dalili ya mwanzo na una ukomo wa mwisho. Nasema dalili kwa sababu picha huweza kupakiwa leo ikatumika baadaye, au kuongezwa kwenye makala ya zamani. Nakala ya kwanza nayo hainiambii ukurasa ulizaliwa siku hiyo. Inaniambia tu kwamba siku hiyo ulikuwa tayari upo. Kwa mtindo wa Chicago, mwaka wa kukisia huwekwa ndani ya mabano ya mraba na alama ya kuuliza: [2014?]. Huo ndio uungwana. Kuandika 2014 kavu kana kwamba umeiona imeandikwa ni udanganyifu, hata kama umebahatisha ukapatia.

Na ukiwa hapo hapo Wayback Machine, hifadhi nakala ya ukurasa unaounukuu. Nimechoka kufungua viungo vilivyokufa.

Wanafunzi huniletea na majibu mengine. "Nilitumia document.lastModified, ikanipa tarehe." Hiyo ni amri ya kukiuliza kivinjari ukurasa ulibadilishwa lini. Ilikupa tarehe ya leo, sivyo? Seva isipotuma taarifa ya mara ya mwisho faili kubadilishwa, kivinjari hurudisha muda wa sasa. Kurasa nyingi siku hizi hutengenezwa papo hapo unapozifungua, kwa hiyo mbinu hiyo imebaki kufaa kwa tovuti chache za kizamani.

"Google imeonyesha tarehe." Google nayo inakadiria kutokana na dalili zilizomo ukurasani. Anzia hapo, usiishie hapo.

"Nimeweka tarehe niliyosoma badala ya mwaka." Kati ya mitindo mikubwa ya marejeleo, APA, MLA na Chicago, hakuna unaoruhusu hivyo. APA huitaka tarehe ya kusoma pale tu ambapo maudhui yamekusudiwa kubadilikabadilika na hakuna nakala iliyohifadhiwa. MLA inaiacha kwa hiari yako. Chicago inaiomba ukurasa unapokosa tarehe. Kote huko inakaa mahali pake, haikai kwenye kiti cha mwaka.

"Hakuna mwandishi, nimeandika Anonymous." Kwa APA, neno hilo, yaani "asiyejulikana", ni la kazi iliyotiwa saini hivyo na mwenyewe. Kwanza tafuta taasisi: wizara, shirika au chuo kinachomiliki ukurasa kinaweza kuwa ndicho mwandishi. Ukikosa kabisa, kichwa cha makala kinasogea mbele na kukaa mahali pa jina. Anwani ya tovuti haiwi mwandishi hata siku moja.

Ukiwa umetafuta kote huko na tarehe haipo, kwa APA na Chicago andika n.d. ("no date", yaani bila tarehe) bila aibu. Kwa APA, kama taasisi moja ina kurasa kadhaa zisizo na tarehe, zipange kwa alfabeti ya vichwa vyake, kisha uzitenganishe: n.d.-a, n.d.-b, na herufi hizo hizo zionekane ndani ya matini.