VPN haifupishi bahari

Nimeulizwa tena: "Fundi, ninunue VPN gani ili pingi ishuke?" Pingi ni muda wa data kwenda hadi seva na kurudi; VPN ni huduma inayopitisha data yako kwanza kwenye seva ya kampuni nyingine, ikiwa imefichwa. Muulizaji anacheza gemu la PUBG Mobile kwa pingi ya milisekunde 190, VPN keshalipia, na anaamini kosa lake ni kuchukua ya bei chee. Nimechoka kujibu WhatsApp. Leo naandika; atakayeuliza kesho natuma linki.

Ndani ya fiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo, mwanga unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kila kilomita 1,000 za kebo zinakula milisekunde 10, kwenda na kurudi. Seva ikiwa Ulaya, na kebo kutoka Dar ikapitia Bahari ya Shamu hadi Marseille, unakaribia milisekunde 80 kabla ruta hata moja (kifaa cha kuelekeza data) haijagusa pakiti yako, yaani kipande cha data. Lipia VPN dola tano au hamsini, mwanga haujali. Tena VPN yenyewe inaongeza kituo njiani.

Hapo wabishi huinuka: "Mbona mimi ilishuka?" Nawaamini, na ndiyo maana nakasirika, kwa sababu mmoja aliyebahatika anawashauri mia wasiobahatika. Pakiti hazifuati ramani, zinafuata mikataba. Seva ya gemu iko Johannesburg, lakini mtoa huduma wako hana makubaliano ya kubadilishana trafiki na mtandao ule, basi pakiti zinapanda hadi London ndipo zishuke tena Afrika Kusini. VPN yenye seva Johannesburg, kama mtoa huduma wako anaifikia moja kwa moja, inakukwepesha ziara hiyo ya Ulaya na pingi inaanguka kweli. Umelipia kurekebisha mkataba mbovu wa watu wengine. Jirani yako mwenye laini ya kampuni nyingine hapati kitu. Hata wewe huna uhakika wa kesho: Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, njia zilibadilika na ushauri wote wa jana ukafa.

Kwa hiyo piga tracert kwanza, amri ya kompyuta inayoorodhesha ruta ambazo pakiti zinapitia. Majina ya ruta mara nyingi yana vifupisho vya miji. Ukiona lon (London) au mrs (Marseille) kabla ya jnb (Johannesburg), jaribu VPN kwa siku za bure. Usipoona, weka hela mfukoni. Ila kipimo hiki kina upofu wake: kinaonyesha njia ya kwenda tu, na ya kurudi inaweza kupita kwingine kabisa. Kuna laini nimezipima hadi nikakata tamaa, pingi inapanda kila jioni na tracert inaonekana safi. Nashuku msongamano wakati wa kurudi. Kuthibitisha siwezi.

Faragha nayo? Tovuti nyingi siku hizi ni HTTPS, yaani yaliyomo yamefichwa njiani, kwa hiyo unachofanya hasa ni kumficha mtoa huduma tovuti unazotembelea na kumwonyesha mwenye VPN. Ya bure itazame mara mbili: programu ya VPN ya bure, Onavo, ilijiita kinga, kumbe mmiliki wake Facebook alikuwa anaitumia kujua watu wanatumia programu zipi. Na kwa Tanzania, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wenye kazi inayohitaji VPN wajisajili.

Kabla ya yote hayo, kama ruta iko sebuleni na wewe uko chumba cha uani nyuma ya kuta mbili za tofali, sogeza ruta. Anayecheza kwa kompyuta achomeke waya. Halafu pima upya, ndipo unitumie ujumbe.