Seli T dhibiti: askari wa kuwatuliza askari

Mwezi wa Julai kule Makete, sakitu ikiwa bado imelala juu ya majani ya viazi, shangazi yangu hukaa jikoni amekumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili. Maungio ya vidole vyake yamevimba, na hawezi kufumba ngumi mpaka jua lipande. Majirani wote humwambia ni baridi. Hata jina la ugonjwa, baridi yabisi, linasema hivyo. Kweli baridi humzidishia maumivu, lakini uvimbe ule una asili nyingine: kinga ya mwili wake inayashambulia maungio yake mwenyewe.

Miongoni mwa askari wa kinga kuna chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T. Hukomaa ndani ya tezi ya thaimasi, kifuani, na zile zinazouona mwili wenyewe kuwa adui nyingi huuawa hukohuko. Mchujo huo haukamati zote. Zinazoponyoka hudhibitiwa na kundi dogo, seli T dhibiti, ambazo ni kama 5 hadi 10 katika kila seli 100 za aina ya seli T saidizi, yaani zile zinazowaamsha askari wengine. Hizi hunyonya kemikali ambayo askari wengine huihitaji ili waongezeke, na hutoa nyingine za kuwapoza.

Shimon Sakaguchi wa Japani alizionyesha kwa panya mwaka 1995. Mwaka 2001, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani waligundua jeni ya FOXP3, ambayo baadaye ilibainika kuwa ndiyo inayoziongoza. Mtoto wa kiume akizaliwa nayo ikiwa na hitilafu, kinga humshambulia utumbo, ngozi na kongosho. Wote watatu walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025.

Katika baridi yabisi, seli hizi mara nyingi zipo, ila nguvu zimepungua au askari hawazisikii tena. Kwenye saratani mambo hugeuka: hujazana ndani ya uvimbe na kuulinda.

Ndiyo maana huniuma shangazi anapoletewa chupa za "kuongeza kinga" kutoka mnadani. Kinga yake haijapungua hata kidogo! Methotreksati aliyoandikiwa hospitali huituliza. Wiki ya kumi tangu aianze, nilimkuta akimenya viazi mwenyewe.