Ratili ngapi? Dhana potofu kuhusu upinde wa kwanza

Uzito wa kuvuta si uzito wa upinde wenyewe ukiuweka kwenye mizani. Ni nguvu unayotumia kuuvuta ugwe hadi shavuni, nayo hupimwa kwa ratili. Ratili moja ni gramu 454, nusu kilo kasoro kidogo. Nimeona watu wakiushika upinde wa mbao, wakauinuainua mkononi na kusema, "Mbona mwepesi?" Dakika mbili baadaye upinde huohuo unawatoa jasho.

"Mimi nabeba magunia, nipe wa ratili 45"

Hii ndiyo inayowaponza wengi, hasa wanaume, na mimi nimo. Upinde wangu wa kwanza ulikuwa wa ratili 45. Aliyeniuzia alinitazama mabega tu, akaamua. Ratili 45 ni kilo 20 na kitu, yaani dumu la maji la lita 20. Kuliinua dumu mara moja si kazi. Lakini hapa unalivuta kwa vidole vitatu, mkono wa pili umenyooka mbele, unalishikilia sekunde tatu au nne huku umetulia kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, kisha unaanza upya. Mishale 60 ya jioni moja ni madumu 60, zaidi ya tani nzima. Kwa upinde wa ratili 25, jumla haifiki hata kilo 700.

Tena kazi yenyewe si ya mkono. Ni ya misuli ya mgongoni, ile iliyo kati ya mabega, na magunia hayaifundishi kuvuta namna hiyo. Mtazame mtu aliyezidiwa na upinde: anauelekeza mawinguni ndipo apate kuuvuta, bega la mbele linapanda hadi karibu na sikio, na badala ya kuuleta ugwe usoni, anaupelekea uso. Akifika katikati anaanza kutetemeka, anaachia kabla hajalenga kwa kuwa vidole vimesalimu amri. Wiki chache za hivyo na makosa yote yameshakuwa mazoea. Kuyang'oa huchukua miezi. Bega nalo linaanza kudai haki yake usiku.

Mtu mzima anayeanza hutoshwa na ratili 20 hadi 30. Mwenye umbo dogo aanzie 18 au 20, na mtoto wa miaka kumi aanzie ratili 10 hadi 15. Watu husema mchagua jembe si mkulima. Kwenye upinde, chagua.

"Namba iliyoandikwa ndiyo nitakayovuta"

Upinde wa dukani huandikwa kwenye kipande chake cha chini, kwa mfano 30# @ 28". Maana yake ni ratili 30 ukivutwa inchi 28. Ile alama # husomwa ratili. Sasa swali ni je, wewe unavuta inchi 28?

Simama ukutani, nyoosha mikono yote miwili pembeni, mtu akupime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati. Gawa kwa 2.5. Mwenye sentimita 165 anapata sentimita 66, ambazo ni inchi 26. Kwenye pinde za uzito huu kila inchi hupunguza au huongeza kama ratili mbili, kwa hiyo huyu akishika ule wa ratili 30 anavuta ratili 26 hivi. Rafiki yake mrefu mwenye sentimita 190 anafika karibu inchi 30, na upinde uleule kwake ni wa ratili 34. Wanaazimana upinde mmoja na kubishana kama ni mgumu au mwepesi, na wote wawili wanasema kweli.

"Wazee walivuta pinde nzito, basi upinde wa jadi ni lazima uwe mzito"

Nusu yake ni kweli. Meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Mary Rose ilizama mwaka 1545 karibu na Portsmouth, ikaopolewa 1982. Ndani yake zilipatikana pinde ndefu zaidi ya 130, na makadirio ya uzito wake ni kati ya ratili 100 na 185. Kwetu huku, pinde za Waata wa nyika ya Tsavo, waliowinda tembo kwa mishale ya sumu, zilipita ratili 100.

Kinachosahaulika ni walivyofikia hapo. Hugh Latimer, aliyewahi kuwa askofu, alihubiri mbele ya Mfalme Edward wa Sita mwaka 1549 akaeleza jinsi baba yake alivyomfundisha: alinunuliwa pinde kulingana na umri na nguvu zake, na alivyokua ndivyo upinde ulivyoongezwa. Akasisitiza kwamba alifundishwa kuvuta kwa mwili mzima, si kwa nguvu za mikono. Nenda bonde la Ziwa Eyasi utakuta hayohayo: mtoto wa kiume wa Kihadza hupewa kijiupinde akiwa bado mdogo kabisa, anashinda akilenga ndege karibu na kambi, na upinde unakua pamoja naye. Wewe mwenye miaka 34 uliyeanza Jumamosi iliyopita unataka kuingilia mwishoni.

"Upinde mwepesi haufikishi mshale"

Unafikisha. Mita 18, umbali wa mashindano ya ndani, ratili 25 zinatosha kabisa. Mara nyingi anayelaumu upinde ana mishale migumu kupita kiasi: haipindiki vya kutosha kuuzunguka upinde, hivyo kwa mvutaji wa mkono wa kulia inakimbilia kushoto. Badili mishale kwanza. Kuwinda ni habari nyingine, na sheria za majimbo mengi ya Marekani huweka kima cha chini, mara nyingi ratili 40 au karibu na hapo. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo shabaha yako ni robota la nyasi, nalo halikimbii.

"Kompaundi navuta 60, huu wa 50 ni mchezo"

Kompaundi ni upinde wa kisasa wenye magurudumu. Ukifika mwisho wa kuvuta, magurudumu yanabeba sehemu kubwa ya mzigo na vidoleni hubaki ratili 12 hadi 18. Upinde wa jadi haukupunguzii kitu, na mwisho wa kuvuta ndipo penye uzito wote.

"Nanunua mzito moja kwa moja, nitauzoea, nisilipe mara mbili"

Hoja ya pesa naielewa. Dawa yake ni upinde wa kufunguka, ambao mshikio unabaki na vile vipande viwili vinavyopinda hubadilishwa. Unanunua au unaazima vya 25, baadaye unapanda kwa ratili nne au tano tu kila mara.

Kabla ya kulipa, uelekeze upinde sawa na shabaha bila kuunyanyua juu, vuta hadi shavuni, hesabu taratibu hadi saba, kisha urudishe ugwe polepole. Usiuachie bila mshale, maana nguvu yote huurudia upinde na unaweza kupasuka. Ukitetemeka kwenye nne, omba mwepesi zaidi. Jaribio hilohilo lifanye tena nyumbani baada ya mshale wa 60. Siku utakayofika saba bila kutikisika, pandisha. Ule wangu wa 45 niliurudia baada ya miaka miwili, nikakuta bado unanishinda kwenye tano.