Kalori, langley, BTU na wati: dhana potofu katika kubadili vipimo vya joto

Anayebuni kikaushio cha mazao cha sola au kukadiria maji ya umwagiliaji hukutana mapema na majedwali ya zamani ya mionzi ya jua. Yameandikwa kwa kalori kwa sentimita ya mraba, ilhali programu ya leo inataka wati kwa mita ya mraba. Kumbukumbu hizo ni hazina, maana jua la miaka iliyopita haliwezi kupimwa upya. Inauma kuona zinaharibiwa na hesabu ya dakika mbili.

Dhana: Zidisha kwa 4.184, kazi imekwisha.

Namba 4.184 inageuza kalori kuwa jouli, basi. Joto linalopita kwenye uso hupimwa kwa vitu vitatu kwa pamoja: nishati, eneo na muda, na kila kimoja kina hesabu yake. Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, kwa hiyo kalori 1 kwa sentimita ya mraba kwa sekunde ni wati 41,840 kwa mita ya mraba. Kama jedwali linasema "kwa dakika", gawanya kwa 60 upate 697.3.

Chukua jua la adhuhuri la kalori 1.4 kwa sentimita ya mraba kwa dakika. Jibu sahihi ni karibu wati 976 kwa mita ya mraba. Ukisahau dakika utapata zaidi ya 58,000, na ukisahau eneo utapata chini ya 0.1. Kuna namba moja ya kujihakikishia ambayo inafaa kukaa kichwani: nje ya angahewa, jua linatupa takribani wati 1,361 kwa mita ya mraba. Jibu la makumi ya maelfu kwa jua la shambani lina kosa, hata kama kikokotoo hakijalalamika.

Dhana: Langley ni jina la zamani la wati kwa mita ya mraba.

Hii ndiyo inayopotosha watu wengi zaidi. Langley moja ni kalori moja kwa sentimita ya mraba, yaani jouli 41,840 kwa mita ya mraba, na haina muda ndani yake. Ni kama milimita za mvua: zinakuambia maji yaliyokusanyika, hazikuambii mvua ilinyesha kwa kasi gani.

Sababu inaonekana kwenye kifaa chenyewe. Vituo vingi vya hali ya hewa vya Afrika Mashariki vilitumia kipimajua cha Gunn-Bellani: tufe jeusi la shaba ndani ya kioo, likiwa limeunganishwa na mrija wenye alama uliozamishwa ardhini. Jua likilipasha tufe, kimiminika kinageuka mvuke, kinapoa na kudondoka mrijani. Mpimaji husoma mililita zilizoongezeka mara moja kwa siku, kisha hukipindua kifaa ili kimiminika kirudi juu. Mililita hizo ndizo zilizogeuzwa kuwa langley. Ni jumla ya siku nzima, na hakuna hesabu itakayokutolea humo nguvu ya jua la saa sita mchana.

Tuseme jedwali linasema langley 450 kwa siku. Hizo ni megajouli 18.8 kwa mita ya mraba. Ukigawanya kwa sekunde 86,400 za siku nzima unapata wastani wa wati 218, na ukigawanya kwa saa 12 za mchana unapata 436. Zote mbili ni sahihi mradi useme umegawanya kwa muda gani. Fundi wa sola atapenda zaidi kuzigawanya megajouli kwa 3.6: kilowati-saa 5.2 kwa mita ya mraba, ndizo zile "saa 5.2 za jua kali" anazopangia paneli. Bwana shamba naye atagawanya langley 450 kwa 58.5, kwa kuwa hicho ndicho kiasi kinachohitajika kugeuza milimita moja ya maji kuwa mvuke, apate nishati ya kukausha karibu milimita 7.7.

Dhana: BTU iliyoandikwa kwenye AC ni umeme inaokula.

BTU (British thermal unit) ni kipimo cha Kiingereza cha nishati ya joto. AC ya "BTU 12,000" ina maana ya BTU 12,000 kwa saa, yaani inaondoa chumbani joto la takribani wati 3,517. Umeme inaovuta kwa kawaida ni kama theluthi ya hapo. Na kwa kuwa hakuna eneo, hicho bado si kipimo cha joto kwa uso. BTU 1 kwa saa kwa futi ya mraba ndiyo inayolingana na wati 3.155 kwa mita ya mraba.

Dhana: Kukiwa na Fahrenheit, lazima utoe 32.

Kwenye upitishaji joto wa ukuta au bati, nyuzi zinazotajwa ni tofauti ya joto kati ya pande mbili. Ile 32 inajifuta yenyewe, na inabaki 1.8 tu, maana nyuzi 1 ya Selsiasi ni sawa na nyuzi 1.8 za Fahrenheit. Ndiyo maana ile 3.155 ya BTU inakuwa 5.678 pale kipimo kinapokuwa kwa kila nyuzi ya tofauti: BTU 1 kwa saa kwa futi ya mraba kwa nyuzi ya Fahrenheit ni wati 5.678 kwa mita ya mraba kwa nyuzi ya Selsiasi.

Dhana: Kalori ni moja tu.

Ipo ya jouli 4.184 na ipo ya 4.1868. Tofauti yao haifiki asilimia 0.1, haina madhara shambani. Ya kuogopwa ni kilokalori, kubwa mara 1,000, ambayo kwenye chakula huitwa kalori tu.

Dhana: Ukibadili vizuri, namba ya zamani inakuwa sahihi.

Mwaka 1838 Claude Pouillet wa Ufaransa alipata kalori 1.76 kwa sentimita ya mraba kwa dakika kwa jua la nje ya angahewa, sawa na wati 1,230 hivi. Samuel Langley, ambaye kipimo kile kina jina lake, alipanda Mount Whitney huko Marekani mwaka 1881 na kufikia takribani kalori 3, karibu wati 2,090. Ubadilishaji wa namba zote mbili hauna kasoro. Kilichowashinda ni kukadiria joto linalonyonywa na hewa njiani: mmoja alilipunguza, mwingine akalizidisha.