Mtoto Anapoigiza Maisha Ambayo Hakuyaishi

Katika kazi yangu ya saikolojia ya watoto wadogo, hakuna swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kama hili la mtoto wa miaka mitatu au minne ambaye, katika michezo yake ya kuigiza, anafanya mambo ambayo hakuna mtu nyumbani anayekumbuka kumfundisha. Sauti hushushwa kwa sababu muulizaji mara nyingi ni Mwislamu au Mkristo, dini yake haina nafasi ya roho kurudi duniani katika mwili mwingine, na anahofia kwamba hata kuuliza ni kukufuru. Swali la dini silijibu mimi. Ninachoweza kueleza ni yale yaliyoandikwa na watafiti, pamoja na msimamo wangu kwamba mchezo wa mtoto huhifadhi kumbukumbu za kweli, na kwamba kazi ngumu ni kujua kumbukumbu hizo ziliingia kwa njia gani.

Aliyelifanya jambo hili kuwa somo la utafiti ni Ian Stevenson, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Kanada aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani. Tangu miaka ya 1960 hadi alipofariki mwaka 2007, yeye na wenzake walikusanya habari za watoto zaidi ya 2,500 waliodai kuyakumbuka maisha ya awali, wengi wao wakiwa India, Sri Lanka, Burma, Thailand, Uturuki na miongoni mwa Wadruzi, jamii ya kidini ya Lebanoni, na wengine wakiwa Waigbo wa Nigeria na Watlingit, wenyeji wa asili wa Alaska. Watoto hao kwa kawaida huanza kusema wakiwa na umri wa kati ya miaka miwili na minne, huacha wafikapo miaka mitano hadi minane, na wengi wao husimulia kifo cha ghafla au cha kikatili. Baada ya Stevenson, kazi hiyo iliendelezwa chuoni hapo na Jim Tucker, ambaye ni daktari wa akili wa watoto.

Mwaka 2000 Stevenson alichapisha makala iliyohusu mchezo peke yake. Kati ya watoto 278 aliowachunguza, 66, yaani karibu robo, walikuwa na michezo isiyo na mfano katika familia zao na iliyolingana na maneno yao kuhusu maisha ya awali: wapo walioigiza kazi ya marehemu, wapo walioigiza jambo alilolipenda, na wapo walioigiza namna alivyokufa.

Ninaowafundisha huwa nawapa mfano wa mtoto mmoja wa Bisauli, kaskazini mwa India, aliyezaliwa mwaka 1944 katika nyumba ya mwalimu wa chuo. Kabla hajatimiza miaka mitatu alimwambia mama yake aache kupika, kwa kuwa yeye ana mke katika mji wa Moradabad anayeweza kumpikia. Baadaye akaanza kujenga maduka ya udongo, akiyatandazia nyaya za umeme, na kuwagawia watu wa nyumbani biskuti za tope na maji aliyoyaita chai, huku akisema kwamba alikuwa na duka kubwa la soda na biskuti. Alipopelekwa Moradabad alikutanishwa na familia ya mfanyabiashara aliyefariki mwaka mmoja kabla yeye hajazaliwa, ambaye ndugu zake walikuwa na duka la namna hiyo hasa. Inasimuliwa kwamba mashine ya kutengenezea soda ilikuwa imefungiwa maji makusudi ili kumpima, naye akaeleza namna ya kuifanya ifanye kazi.

Kisa hiki ni kizuri, na uzuri wake ndio unaonitia wasiwasi. Stevenson alifika India kwa mara ya kwanza mwaka 1961, zaidi ya miaka kumi baada ya mtoto kupelekwa Moradabad, kwa hiyo alichokusanya ni ushahidi wa watu wazima waliokwisha kukijua kisa hicho hadi mwisho wake. Visa ambavyo maneno ya mtoto yaliandikwa kabla ya familia mbili kukutana ni sehemu ndogo sana ya majalada yote, na Stevenson mwenyewe alijua kwamba hapo ndipo uzito wa ushahidi unapopimwa. Binadamu akishajua kwamba marehemu alikuwa muuza soda, kila kikombe cha maji ambacho mtoto amewahi kumpa mgeni hugeuka kuwa soda katika kumbukumbu zake.

Hata hivyo, sikubaliani na wenzangu wanaopuuza jambo hili kwa kusema kwamba watoto hucheza tu. Mwaka 1976, katika mji wa Chowchilla, California, watoto 26 na dereva wa basi lao la shule walitekwa nyara na kufukiwa ardhini ndani ya lori, kisha wakafanikiwa kutoka wakiwa hai. Daktari wa akili Lenore Terr aliwafuatilia watoto hao, naye akaeleza aina ya mchezo ambayo leo kila mtaalamu wa kiwewe anaijua: mchezo unaorudiwa vilevile kila mara, usio na furaha, ambao mtoto mwenyewe hatambui kwamba unahusu yaliyompata. Mwaka 1988 Terr alichapisha uchunguzi wa watoto 20 waliopatwa na mambo ya kutisha kabla ya kutimiza miaka mitano, na hapo ikaonekana kwamba hata wale waliokuwa wadogo mno kuweza kusimulia walikuwa wakiyaonyesha yaliyowapata kwa michezo na mienendo, tena kwa usahihi mkubwa. Kwa hiyo mtoto anaweza kubeba tukio asilokuwa na maneno yake, na akaja kulitoa mwaka mmoja au miwili baadaye mbele ya watu walioshasahau kwamba alikuwepo.

Niliwahi kuletewa mtoto wa miaka minne aliyekuwa akijilaza chali kwenye mkeka, akijifunika kanga kuanzia kichwani hadi miguuni, na kuwaamuru ndugu zake walie. Mmoja wao alipaswa kukaa kando na daftari, aandike majina na kupokea sarafu kwenye bakuli. Mtoto huyo alikuwa na jina la bibi yake aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, na shangazi zake walikuwa na hakika kwamba bibi amerudi kuonyesha jinsi alivyozikwa. Nilitaka kwanza kujua mtoto alikuwa mikononi mwa nani siku ambazo wazazi wake hawakuwa naye. Dada wa kazi aliyekwisha kuacha kazi alipopigiwa simu alisema kwamba mtoto alipokuwa na umri wa miaka miwili alikwenda naye kwenye msiba wa kijijini kwao akiwa amembeba mgongoni, na kwamba yeye ndiye aliyepewa kazi ya kushika bakuli la rambirambi. Watu wote walidhani mtoto amelala.

Katika eneo letu hili jina lina nguvu ambayo watafiti wa Virginia wangeitambua mara moja. Wakikuyu huwapa watoto majina ya babu na nyanya zao kwa mpangilio maalumu. Kwa Wajaluo, desturi ya zamani ni kumtajia mtoto anayelia bila kukoma majina ya wafu wa ukoo hadi anyamaze, na jina lililomnyamazisha huwa ndilo lake. Anayerithi jina huitwa "baba" na mama yake mzazi, huambiwa kwamba anatembea kama marehemu, na huchekelewa kila anapofanya jambo linalofanana na la marehemu. Silaumu desturi hiyo, kwa kuwa nami nina somo wangu kaburini. Nasema tu kwamba mtoto anayelelewa hivyo hufundishwa maisha ya mtu mwingine kila siku bila mtu yeyote kujiona anafundisha.

Tena mtoto mdogo hajui kutofautisha alichokiona na alichoambiwa, na si mdogo peke yake. Jean Piaget, baba wa saikolojia ya makuzi, kwa miaka mingi alikumbuka waziwazi jinsi mtu alivyojaribu kumwiba kutoka kwenye kigari cha kusukumia watoto akiwa mchanga jijini Paris, na jinsi yaya wake alivyopigania kumwokoa; alipokuwa na miaka kama 15 yaya huyo aliandika barua ya kukiri kwamba kisa chote alikitunga. Katika majaribio ya Stephen Ceci na wenzake nchini Marekani, watoto wa umri wa chekechea waliulizwa kila wiki kama waliwahi kubanwa kidole na mtego wa panya, jambo ambalo halikuwahi kuwapata, na baada ya wiki kumi hivi zaidi ya nusu walikuwa wamesimulia angalau tukio moja la uongo kana kwamba ni la kweli.

Lakini hapa lazima nimpe haki yake Erlendur Haraldsson wa Iceland, aliyewapima watoto wa Sri Lanka na Lebanoni wanaodai kukumbuka maisha ya awali akiwalinganisha na wenzao. Hakukuta kwamba ni wepesi zaidi wa kushawishika. Wale wa Sri Lanka walikuwa na msamiati mpana na walifanya vizuri shuleni, ingawa wazazi wao waliripoti matatizo mengi zaidi ya mwenendo, na wale wa Lebanoni walikuwa na dalili zinazofanana na za kiwewe. Matokeo hayo hayathibitishi kuzaliwa upya, ila yanaondoa jibu jepesi kwamba hawa ni watoto wanaomeza kila wanachoambiwa.

Ndiyo maana mzazi anayeniletea jambo kama hili namwomba aandike maneno ya mtoto kama yalivyo, pamoja na tarehe, kabla hajamwambia jirani wala kwenda kutafuta familia ya marehemu. Asimuulize "Wewe ulikuwa nani?", wala asimkemee; akitaka kusema neno, amuulize tu kinachofuata katika mchezo. Mchezo wenye furaha unaobadilikabadilika, hata uwe wa ajabu kiasi gani, haunisumbui. Ule wa kujiua, kuzama au kuungua unaorudiwa bila kicheko huniogopesha kwa ajili ya maisha haya ya sasa, kwa sababu huenda kuna mtu anayemdhuru mtoto huyo leo, na familia iliyokwisha kuamini kwamba ni mambo ya maisha ya awali haitamtafuta mtu huyo. Kwa karibu watoto wote michezo hii hufifia yenyewe wanapoanza shule, umri uleule ambao kumbukumbu za utotoni hutupotea sote. Ikiwa mtoto amefika darasa la pili na bado anaurudia mchezo huo, nataka aletwe kwangu bila kungoja muhula umalizike.