Hakuna Aliyepiga Marufuku Madini ya Kongo Kutoka Washington

Nimelisikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mtu mwenye shahada mbili: eti Marekani ilipiga marufuku madini ya vita ya Kongo, yaani yale yanayowapa waasi fedha. Haikupiga. Kifungu cha 1502 cha sheria ya Dodd-Frank ya 2010 kinazitaka kampuni zilizo kwenye soko la hisa zichunguze kama bati, tantali, volframi na dhahabu katika bidhaa zao vimetoka Kongo au nchi jirani, kisha zitoe ripoti. Basi.

Aliyefunga migodi ni Rais Joseph Kabila, Septemba 2010 hadi Machi 2011, Kivu zote mbili na Maniema. Wachimbaji wadogo wakakosa riziki. Wanunuzi wa nje nao wakajiondoa wenyewe, kwa kuwa kuacha kununua ni rahisi kuliko kuchunguza. Kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu madini hayohayo, inayotumika tangu Januari 2021, inawabana waagizaji wa madini na metali. Simu iliyokwisha kuundwa haiigusi.

Halafu kuna lebo, za kuonyesha madini yametoka mgodi halali. Gunia la koltani, mchanga unaotoa tantali, hupimwa, hufungwa lebo yenye namba, na namba huandikwa daftarini. Mimi kazi yangu ni kulinganisha madaftari hayo, na naomba mnisikilize: lebo inasema gunia lilifungwa. Haisemi kilichomo kimechimbwa shimo gani! Lebo ikiuzwa pembeni, mchanga wa shimo lolote unaingia gunia halali, na kwa macho ni mchanga uleule mweusi. Ukishayeyushwa tanurini, hakuna wa kuutenganisha. Waasi wa M23 waliteka Rubaya, eneo la migodi ya koltani huko Kivu Kaskazini, Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakakadiria kwamba waasi hao walivuna hapo takriban dola 800,000 kwa mwezi kwa kodi ya koltani. Koltani ilivushwa hadi Rwanda ikachanganywa na ya huko.

Je, lebo zimemnyima muasi hata risasi moja? Kuna siku nasita kujibu. Ila bila daftari sina hata pa kuanzia kuuliza maswali.

Dhahabu ndiyo kichekesho. Kilo nzima inakaa mfuko wa suruali, nani ataifunga lebo? Hapo mimi naona heri kuwabana wasafishaji wa dhahabu viwandani, maana ni wachache na wana anwani. Marekani ilifanya hivyo Machi 2022, ilipomwekea vikwazo Alain Goetz, mfanyabiashara wa dhahabu wa Ubelgiji, pamoja na kiwanda cha kusafisha dhahabu kilichoko Entebbe, Uganda. Bado dhahabu inatafuta njia nyingine, na nyingi zinaishia Dubai.