Wakurugenzi wasiojali?

Juzi nimerudishiwa tafsiri ya mkataba, sehemu moja imepigwa kalamu nyekundu. Matini ya Kiingereza inataka uamuzi upitishwe na "disinterested directors". Mimi niliandika "wakurugenzi wasio na maslahi". Mteja kasahihisha: "wakurugenzi wasiojali". Yaani kuna jambo zito la fedha, na mkataba unaagiza liamuliwe na watu wasiojali! Mwaka huu hii ni mara ya tatu. Nazishuku zile picha za "Neno la leo" zinazozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp: disinterested, asiye na hamu.

Asiye na hamu ni "uninterested". Basi, hilo limekwisha.

Shida iko kwenye "interest", neno ambalo Kiingereza kimelitwisha riba ya benki, hamu ya moyoni na maslahi, yote kichwani kwa mmoja. Disinterested imeshika hayo maslahi, na kuyakana: ni asiye nayo. Anayejua kusema "mgongano wa maslahi" ameshaielewa nusu.

Mchukue refa wa Simba na Yanga. Tunamtaka disinterested: mechi iishe vyovyote, yeye hapati kitu wala hapotezi. Refa uninterested angepiga miayo huku watu wanavunjana miguu. Kesi ya ngedere ikipelekwa kwa nyani, nyani ana hamu tele ya kuisikiliza. Tatizo ni kwamba mahindi yanayobishaniwa na yeye anayala. Waingereza walishaliona hili kwenye wasia: kwa sheria yao ya mwaka 1837, aliyeachiwa mali akitia saini kama shahidi, wasia unasimama lakini fungu lake linabatilika. Hakuna anayeuliza kama alikuwa muaminifu.

Hapo ndipo hata wenzangu wafasiri wananiudhi, wanapoandika "asiyependelea" na kuona wamemaliza. Kupendelea ni tabia. Maslahi ni mahali uliposimama. Refa aliyeweka dau kwenye mechi anaweza kuchezesha kwa haki dakika zote 90, na bado si disinterested. Kumgeuza kuwa "asiyependelea" ni kumsafisha refa wa dau, na mkataba haukukusudia kumsafisha mtu. Umekusudia kumtoa uwanjani kabla filimbi haijalia. Na yule asiye na dau lolote, ila kakulia Jangwani, nyumbani kwa Yanga, na jezi yao ya njano ameivaa tangu utotoni? Hana maslahi, ana mapenzi. Huyu ananitatiza. Kuna siku namhesabu ndani ya neno, kuna siku namtoa, inategemea mkataba wenyewe umejieleza vipi.

Na niseme jingine ambalo walimu wa Kiingereza hawapendi kulisikia. Karne ya 17 maneno haya yalikaa kinyume na tunavyofundishwa leo: disinterested iliwahi kumaanisha asiye na hamu, na uninterested asiye na upande. Yakabadilishana viti. Siku hizi wenye lugha wengi wanasema disinterested wakimaanisha hawana hamu tu, na kamusi zao zimeinakili maana hiyo. Kwa hiyo ukilisema hivyo kwenye maongezi sikusahihishi, nakunywa chai yangu. Kwenye mkataba ndiyo nakukamata.

Kosa langu nalo nalikiri. Kwa Kiswahili cha kazini, "maslahi" ni mshahara na marupurupu. Ndiyo maana vyama vya wafanyakazi havikosi kudai maslahi bora. Nilipomrudishia mteja neno langu na maelezo ya aya nzima, akapiga simu: "Mwalimu, kwa hiyo hawa wakurugenzi hawalipwi?"

Nimeandika upya: "wakurugenzi wasio na maslahi binafsi katika jambo linaloamuliwa". Maneno mawili ya Kiingereza yamezaa manane, na mteja analipa kwa idadi ya maneno ya Kiingereza.